SOMO LA AFYA: Sakafu ya nyonga, na kwa nini mkojo huvuja



Somo letu la leo linahusu sehemu ya mwili ambayo kwetu haitajwi mbele ya watu. Mama zangu na baba zangu, mniwie radhi. Mimi ni kijana wa umri wa watoto wenu, na si adabu mtoto kuzungumza habari za nyonga mbele ya wazazi. Lakini wamo akina mama kati yetu ambao hawaendi tena kanisani wala msikitini, hawapangi foleni siku ya mgao, na huenda bombani usiku tu, watu wakiwa wamelala, kwa sababu nguo zao hulowa mkojo. Baadhi yao wameishi hivyo miaka mingi. Wengi wao wanaweza kutibiwa. Kinachowazuia ni aibu, na pamoja na aibu ni kutojua jambo moja: mkojo unaweza kuvuja kwa sababu mbili zilizo mbalimbali kabisa, na dawa ya ile moja haisaidii kitu kwa ile nyingine. Ili uweze kuzitofautisha, ni lazima kwanza ujue mwili umeundwaje chini ya kiuno. Basi tuanze hapo.

BAKULI LISILO NA KITAKO

Weka mikono kiunoni. Mifupa miwili unayoishika ubavuni ni sehemu ya juu ya nyonga. Sasa shusha mkono mbele, chini ya kitovu, mpaka uguse mfupa mgumu juu kidogo ya sehemu za siri. Huo ni mfupa wa kinena. Nyuma, mwisho kabisa wa uti wa mgongo, kuna kimfupa kilichochongoka ambacho utakisikia ukikaa vibaya juu ya jiwe. Hicho ni kifandugu. Mifupa hii pamoja imefanya umbo kama la bakuli. Ila bakuli lenyewe halina kitako, chini liko wazi. Kama lingefungwa kwa mfupa, mtoto angepita wapi?

Ndani ya bakuli hilo mbele kimekaa kibofu cha mkojo. Nyuma kuna puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ambayo hukusanya haja kubwa. Katikati ya hivyo viwili, kwa mwanamke, kuna mfuko wa uzazi na uke. Juu ya vyote umelala utumbo. Je, ni nini kinachovizuia visianguke? Ni misuli. Imetandwa kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu, na kutoka upande mmoja wa nyonga hadi upande wa pili. Vitabu huiita sakafu ya nyonga.

Mkunga aliyetufundisha sisi wahamasishaji mjini Bujumbura hakulipenda sana neno hilo la sakafu. Alichora ubaoni kitanda cha kamba. Nami naona mfano wake unashinda ule wa vitabu, maana sakafu ya saruji haijongei, na misuli hii hujongea mchana na usiku. Mbao za kitanda ni mifupa. Kamba ni misuli. Anayelala juu yake ni kibofu, mfuko wa uzazi na puru. Kamba zikikazwa vizuri, mlalaji hulala sawasawa. Zikilegea, kitanda hubonyea katikati mpaka mgongo wa mtu ukaribie kugusa ardhi. Na kaa la moto likianguka juu ya kamba, huziunguza pakabaki tundu. Tafadhali ushike mfano huu, maana somo lote limesimama juu yake.

Kwa mwanamke kamba hizi zimeacha nafasi tatu: ya mkojo, ya uke, na ya haja kubwa. Kwa mwanamume zimeacha mbili. Kwa hiyo baba zangu, msigeuze ukurasa mkidhani haya ni mambo ya wanawake peke yao. Nanyi mnayo misuli hii, na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume anaweza kuvujiwa na mkojo vilevile, akafundishwa mazoezi haya haya tutakayoyaeleza.

Ile nafasi kati ya uke na tundu la haja kubwa huitwa msamba. Misuli mingi hukutana hapo kama kamba zinavyokutana kwenye fundo, na ndipo panapochanika mara nyingi mama anapojifungua.

MISULI ISIYOSINZIA

Kazi ya kwanza ya misuli hii tumekwisha itaja, nayo ni kubeba. Ya pili ni kufunga na kufungua. Inabana mrija wa mkojo na mlango wa haja kubwa, na haiachi hata ukiwa usingizini. Kibofu cha mtu mzima hubeba karibu nusu lita, na kinapojaa hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu inayopita chini ya uti wa mgongo. Ukifika chooni, ubongo hutoa ruhusa, misuli hulegea, kibofu hujikamua, mkojo hutoka. Ukimaliza, hukaza tena bila wewe kuiambia.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha sana nilipolisikia. Moja ya kamba hizi imetoka kwenye mfupa wa kinena, ikazunguka nyuma ya puru, ikarudi mbele. Kwa hiyo huivuta puru na kuipinda, kama vile unavyoupinda mpira wa maji ili maji yasipite. Haja kubwa husubiri penye pindo hilo. Unapochuchumaa, kamba hulegea na pindo hunyooka, njia ikawa wazi. Ndiyo maana choo chetu cha shimo, pamoja na ubaya wake wote, kwa jambo hili kimekizidi choo cha kukalia.

Tena misuli hii hufanya kazi pamoja na pumzi. Ukivuta hewa, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, na sakafu nayo hushuka kidogo. Ukitoa hewa, vyote hupanda. Unapotaka kukohoa, kupiga chafya, au kunyanyua bidoni la lita 20, shinikizo tumboni huongezeka ghafla, na misuli yenye afya hukaza kabla, kama mlinzi aliyesikia hatua za mtu. Misuli iliyochoka hukaza ikiwa imechelewa. Katika tendo la ndoa pia inayo sehemu yake, kwa mume na kwa mke, na mwanamume ambaye misuli yake ni dhaifu anaweza kushindwa kusimamisha vizuri. Habari hiyo inatosha hapa. Mwenye swali amwone mhudumu wa afya faraghani.

MTOTO ANAPOPITA

Hakuna siku ngumu kwa misuli hii kuliko siku ya kujifungua. Kichwa cha mtoto kinapotoka, baadhi ya kamba zake za ndani hunyooka hadi karibu mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Kwa akina mama wengi hurudi mahali pake katika wiki na miezi inayofuata. Kwa wengine hurudi nusu, hasa kama kusukuma kulichukua muda mrefu, mtoto alikuwa mkubwa, msamba ulichanika ukashonwa vibaya au haukushonwa kabisa, au mimba zilifuatana bila kupumzika. Kisha maisha huongeza yake: mizigo ya kuni, kikohozi kisichokwisha, kujikamua chooni kwa sababu haja ni ngumu, na miaka.

Wazee wa Buyenzi wenye mila za Kiswahili bado humpumzisha mzazi siku 40, asibebe kitu wala asipike. Vijana wengine husema ni uvivu. Mimi nasema wazee walijua. Wiki 6 za kwanza ndizo misuli inazohitaji ili ijikusanye, na hata madaktari humtaka mama asinyanyue mzigo mzito katika wiki hizo. Shida yetu ni kwamba mama mkimbizi siku ya tatu utamwona amejitwika gunia la mgao, kwa kuwa hana mtu. Baba, siku hizo bidoni ni lako.

SABABU YA KWANZA: KAMBA ZIMELEGEA

Utajuaje? Mkojo hutoka kidogo kidogo unapokohoa, unapocheka, unaporuka mtaro, au unaponyanyua mzigo. Ukitulia, hautoki. Ukilala usiku, unaamka mkavu. Yaani kuna saa za kuvuja na saa za kukauka. Wengine mkojo huwabana ghafla, wakaloa kabla ya kufika chooni. Wengine hawavujiwi na mkojo ila husikia uzito, kama kitu kinataka kuanguka, zaidi jioni baada ya kazi, na wakinawa hugusa uvimbe laini ukeni. Huo ni mfuko wa uzazi au ukuta wa kibofu umeshuka, kwa sababu kitanda kimebonyea.

Kamba zilizolegea hukazwa. Mwaka 1948 daktari mmoja Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kukaza misuli hii, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza wanayopewa akina mama kila mahali. Hayahitaji pesa, vifaa wala uwanja. Unaweza kuyafanya ukiwa umesimama kwenye foleni na jirani yako asijue lolote.

Fanya hivi. Kaa au lala, ulegeze tumbo, mapaja na makalio. Sasa fanya kama unazuia hewa isitoke nyuma mbele za watu, na wakati huohuo kama unazuia mkojo. Utasikia kitu kikivutwa ndani na kupanda juu. Hiyo ndiyo misuli yenyewe. Ishikilie huku ukihesabu hadi 3, kisha uilegeze kabisa, nayo ipumzike kwa muda uleule. Rudia mara 10. Asubuhi, mchana na usiku, kila siku. Wiki zinavyopita, ongeza hesabu taratibu mpaka ufike 10. Mwishoni fanya mengine machache ya haraka, kaza na uachie, kaza na uachie, kwa ajili ya chafya na kikohozi.

Watu wengi hukosea wakabana makalio au kuzuia pumzi. Ukiona uso wako umekunjamana, ujue unabana pasipo penyewe. Wengine husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hilo hudhuru. Usifanye mazoezi haya kwa kukatiza mkojo chooni kila siku. Jaribu mara moja tu ili uutambue msuli, basi. Na usikate tamaa baada ya wiki mbili, maana msuli hujengwa polepole: ipe miezi 3. Kabla ya kukohoa au kunyanyua bidoni, kaza kwanza halafu ndipo unyanyue. Mama aliyejifungua salama anaweza kuanza kukaza taratibu mara tu asipoona maumivu.

Kula mboga, maharage, sombe, lengalenga, na unywe maji ili haja iwe laini. Kama mfuko wa uzazi umeshuka sana, mazoezi peke yake hayatoshi. Mhudumu anaweza kukuwekea ukeni pete maalumu ya kuuinua, au ukapelekwa kwa upasuaji.

Hapa niseme neno juu ya shabu. Kuna dada zetu wanaonunua shabu na majani sokoni, wakajiweka ukeni wapate kubana. Dada yangu, shabu hukausha ngozi na kuichubua, na ngozi iliyochubuka hufungulia mlango magonjwa. Misuli tunayoizungumzia haiko kwenye ngozi. Shabu haiigusi hata kidogo. Kadhalika kukandwa kwa maji ya moto kupita kiasi juu ya mshono ni kujiunguza juu ya kidonda.

Ukiona mkojo unachoma, una homa, au mkojo una damu, hilo ni jambo jingine, huenda ni maambukizi. Nenda ukapimwe kabla ya kuanza mazoezi yoyote.

SABABU YA PILI: KAMBA ZIMEUNGUA

Sasa tufike mahali penye uzito. Soma polepole, na kama mwenzako hajui kusoma, msomee.

Kuna mama ambaye mkojo hutoka kila saa, mchana na usiku, amekaa au amelala. Hakohoi, hacheki, hanyanyui kitu, na bado unatoka. Hasikii haja ya kwenda chooni kwa sababu kibofu hakijai. Mara nyingi ulianza siku chache baada ya uchungu mrefu sana. Huyo misuli yake inaweza kuwa na nguvu kabisa. Tatizo lake ni tundu. Jina la ugonjwa ni fistula, Waswahili wengine huita nasuri.

Tundu hutokea hivi. Mama yuko katika uchungu, na mtoto hawezi kupita, pengine kwa kuwa nyonga ni nyembamba, au mtoto amekaa vibaya. Hali hiyo huitwa uchungu pingamizi. Kichwa kinabana ukuta wa uke na kibofu kwenye mfupa wa kinena, saa baada ya saa, siku ya kwanza, siku ya pili. Nyama iliyobanwa haipati damu. Nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi mtoto naye hufa tumboni. Mama akinusurika hudhani shida imekwisha, lakini katika siku ya 3 hadi ya 10 hivi, ile nyama iliyokufa hudondoka, na kati ya kibofu na uke pakabaki tundu. Wakati mwingine tundu huwa kati ya puru na uke, na hapo haja kubwa ndiyo hupita ukeni. Wengine pia huburuta mguu, kwa sababu mishipa ya fahamu ilibanwa na kichwa kilekile.

Kwa hiyo, mama yangu, hukurogwa. Si laana ya wakwe, wala si adhabu ya dhambi, wala si ugonjwa wa zinaa. Hauambukizi. Ni kubanwa kwa nyama kwenye mfupa, na ingempata mwanamke yeyote ambaye angekaa siku mbili katika uchungu bila daktari. Huwapata wasichana wa mimba ya kwanza, na huwapata pia waliokwisha kuzaa mara 5 salama.

Wapo waliopata tundu kwa njia nyingine, kwa kubakwa kikatili katika vita vya huko kwetu. Nao dawa yao ni hospitali, na kosa si lao. Yeyote aliyebakwa, hata kama hana jeraha, afike kwa daktari kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia UKIMWI. Aliyechelewa asiache kwenda.

Mazoezi hayazibi tundu. Kamba iliyoungua, hata ukivuta kamba zilizobaki mwaka mzima, pale palipoungua patabaki wazi. Majani hayalizibi. Maombi yaombwe, mimi mwenyewe naomba, lakini yaombwe tukiwa njiani kwenda hospitali.

UPESI, KABLA TUNDU HALIJAKOMAA

Mama aliyepata uchungu mrefu kisha akaona mkojo unavuja, asingoje arobaini iishe. Katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, tundu likiwa bado dogo na bichi, daktari anaweza kumwekea mpira wa mkojo, ule ambao wengine huuita sonda. Mpira huo hukimimina kibofu usiku na mchana, kikabaki kitupu na kupumzika. Anauvaa wiki kadhaa huku akinywa maji mengi. Kwa baadhi ya akina mama tundu hujifunga lenyewe bila kisu. Kila wiki anayojificha nyumbani inapunguza bahati hiyo.

Tundu likishakomaa, panahitajika upasuaji. Kwanza daktari huhakikisha. Hutia kibofuni maji yenye rangi ya buluu, akatazama kama rangi itatokea ukeni. Hakuna uchungu mkubwa. Kisha hushona tundu, na mpira wa mkojo hubaki siku 7 hadi 10 au zaidi. Kwa matundu mepesi, karibu 9 kati ya 10 hufungika. Matundu makubwa, au yaliyowahi kushonwa yakafumuka, ni magumu zaidi, na wengine hurudi mara ya pili. Nalisema hili wazi ili asiyefanikiwa mara ya kwanza asidhani amefikia mwisho.

Na baadhi ya walioshonwa vizuri bado huvujiwa kidogo wakikohoa. Tundu limeziba, ila kamba zilizo kando zililegea siku ileile. Hawa sasa ndio wa kufanya mazoezi ya kukaza, kwa ruhusa ya daktari. Unaona basi kwa nini tulihitaji kujifunza sababu zote mbili.

Elimu hii haiko mbali nasi. Daktari Denis Mukwege, mwana wa Bukavu, alisomea udaktari hapahapa Bujumbura katika Chuo Kikuu cha Burundi, akamaliza mwaka 1983. Alikwenda kufanya kazi Lemera, katika milima ya Uvira, na huko aliona akina mama wanavyofika wameumia kwa uzazi bila mtaalamu, ndipo akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, ambayo imewatibu maelfu ya wanawake wenye fistula. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Wengi wenu mlimjua kabla dunia haijamjua.

Hapa Burundi, mwaka 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha fistula kwenye hospitali ya Gitega, kikaitwa Urumuri, maana yake kwa Kirundi ni mwanga. Hata hivyo usifunge safari ya Gitega kwa kusikia jina tu. Taratibu hubadilika, na mahali pengi upasuaji huu hufanywa kwa zamu, madaktari wanapokusanyika. Anzia kituo cha afya cha kambini au cha mtaani kwako. Omba barua ya rufaa, na uulize lini na wapi. Mahamasishaji au mkunga wa kituo anaweza kukuandikisha bila kulitaja jina lako mbele ya watu.

Baada ya upasuaji kuna masharti mawili ambayo mume lazima ayasikie kwa masikio yake mwenyewe. La kwanza: wasikutane kimwili kwa miezi 3 angalau, au muda atakaotaja daktari. La pili: mimba ijayo mama ajifungulie hospitali kwa kupasuliwa, wala asijaribu kuzalia nyumbani, maana mtoto akipita njia ya kawaida mshono unaweza kufumuka. Ahifadhi kadi yake ya upasuaji pamoja na karatasi ya ukimbizi.

Wakati anapongoja, anywe maji. Najua, wengi huacha kunywa wapate kukauka. Lakini mkojo mchache ni mkojo mkali: hunuka zaidi, huchoma ngozi ya mapaja, na unaweza kuganda kuwa mawe kibofuni. Mkojo mwingi mweupe ni afadhali. Anawe kwa maji na sabuni, ajipake mafuta mazito mapajani, na aanike vitambaa juani. Ukiwa jirani yake, mpe sabuni yako kidogo, tena ukae naye.

KUZUIA

Mama mwenye uchungu uliozidi saa 12 bila mtoto kuzaliwa, apelekwe hospitali. Asingoje asubuhi, wala asingoje mume arudi. Asiyeweza kutembea abebwe kwa baiskeli, kwa gari, au kwa ingobyi mabegani kama wenyeji wa vilimani wafanyavyo. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba kujifungua katika vituo vya serikali ni bure, basi hofu ya bili isimfungie mtu ndani. Na mkojo wa mama mwenye uchungu usikae kibofuni. Akojoe mara kwa mara, kwani kibofu kilichojaa hubanwa zaidi.

Mwaka 2025 ndugu zetu wengi walivuka mto Rusizi kwa haraka, na kati yao walikuwamo wenye mimba kubwa. Kama ulijifungulia njiani au porini, na tangu hapo umebadilika chini, somo hili tumekuandikia wewe zaidi ya wote.

Ukifika kituoni, huenda muuguzi anasema Kirundi na Kifaransa tu. Usipoteze nafasi yako kwa kusema «tumbo linaniuma» kwa sababu ya haya. Mwambie mambo matatu: uchungu ulichukua siku ngapi, mkojo ulianza kuvuja siku ya ngapi baada ya kujifungua, na kama unavuja hata ukiwa umelala. Halafu taja neno lenyewe, fistula. Kifaransa wanasema fistule, na sauti inakaribiana, atakuelewa.